Pumu ya Mume na Haki ya Mwenzake wa Mlimani

Dada mmoja wa Ujiji ametuletea barua ya kurasa tatu, na kwa kuwa ameomba asitajwe, hatutamtaja yeye wala mtaa wake. Mumewe ni seremala. Yeye na rafiki yake, mwalimu wa sekondari aliyewahi kufika kilele cha Kilimanjaro, wamekubaliana kupanda Mlima Nkungwe katika safu ya Mahale kiangazi hiki. Wamekwisha kuulizia boti, wamehesabu siku, na kila baada ya Isha huketi barazani wakipanga hili na lile mpaka chai inapoa. Dada yetu hapingi safari. Anasema mumewe amefanya kazi miaka kumi bila ya kujipumzisha, na kwamba tangu jambo hili lianze uso wake umekunjuka. Kinachomkosesha usingizi ni kimoja: mume ana pumu tangu utotoni, vumbi la mbao humkaba mara kwa mara, na mwalimu hajui. Mume amemwagiza mkewe asiseme, kwa hoja kwamba mwalimu akijua atatafuta mtu mwingine wa kupanda naye. Anauliza: “Nikinyamaza nitakuwa nimefanya nini, na nikisema nitakuwa nimefanya nini?”

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana, na ningependa kulijibu kwa utulivu, kwa sababu wengi wetu huku Kigoma tumezoea kuiona milima ile ya kusini kwa mbali, kama rangi tu ya upeo wa macho, na hatujui inamtaka nini mtu anayeikanyaga.

Nkungwe ni kilele kirefu kuliko vyote vya Mahale, mita 2,462 juu ya usawa wa bahari. Ziwa lenyewe liko kwenye mita 770 na kidogo. Maana yake ni kwamba anayeanzia ufukweni atapanda zaidi ya mita 1,600 kwa miguu yake mwenyewe. Hakuna gari linalomsogeza, kwa kuwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mahale, iliyoanzishwa mwaka 1985, hakuna barabara za magari. Watu hutembea kwa njia za miguu, na wengi huifikia hifadhi kwa chombo cha majini, mwendo wa zaidi ya kilomita mia moja kutoka Kigoma mjini. Njia huanza katika msitu mzito wa chini, wenye unyevu, wenye sokwe ambao watafiti wa Kijapani wamekuwa wakiwafuatilia tangu mwaka 1965. Kisha huingia mianzi na misitu ya juu, hatimaye nyasi za mgongo wa mlima ambako upepo haukutani na kizuizi. Watu wengi hulala njiani usiku mmoja au miwili. Hupandi peke yako. Askari wa hifadhi mwenye silaha hufuatana nawe, kwa kuwa nyati na chui wapo. Watongwe, ambao kwao ndiko huko, waliuheshimu mlima huu vizazi na vizazi kabla ya mtu yeyote kuuchora kwenye ramani.

Huu si mlima wa kamba na vyuma. Wala si wa urefu unaomtia mtu mwenye afya kizunguzungu cha hewa nyepesi, kama Kilimanjaro yenye mita 5,895. Nadhani hapo ndipo mume wa dada yetu alipojidanganya. Ameambiwa kwamba Nkungwe ni nusu ya Kilimanjaro, naye akaona pumu haina nafasi katika hesabu hiyo. Lakini pumu haisomi mita. Huamshwa na jasho la mpando mkali, na baridi ya alfajiri kwenye mgongo wa mlima, na moshi. Kiangazi ni msimu wa moto wa nyika katika nchi yetu ya magharibi. Siku nyingine anga ya ziwa huwa ya kijivu kwa moshi tangu asubuhi. Kifua kikibana usiku kwenye hema, chini kuna msitu wenye giza, kisha ufukwe, kisha boti, kisha saa nyingi za maji dhidi ya upepo au pamoja nao, ndipo uione hospitali ya mkoa. Simu usiitegemee.

Sasa, je, mtu mwenye pumu asipande mlima? Sivyo nisemavyo. Wapo wenye pumu wanaopanda milima mirefu kuliko huo, na mume wa dada yetu huenda akawa mmoja wao. Hilo ataamua daktari baada ya kumsikiliza kifua na kumwuliza mara ngapi kwa wiki huamka usiku akihema. Ninachosema ni kwamba ugonjwa unaojulikana hupangiwa, na ugonjwa uliofichwa hujipangia wenyewe.

Mji wetu una ushahidi wa jambo hili. Mwezi Februari 1858 waliingia Ujiji Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, wakitafuta maziwa ya bara ambayo huko kwao yalikuwa uvumi tu. Waliingia wakiwa hoi. Burton miguu ilikuwa imemkatalia kwa homa, akibebwa. Speke macho yalikuwa yamevimba hata ziwa lenyewe, walilolitafuta kwa miezi saba na zaidi, aliliona kama ukungu. Lakini kila mmoja aliijua hali ya mwenzake, haikuwezekana kuificha, na kwa hiyo waliweza kuipangia. Speke alipopata nafuu ya kwanza, ndiye aliyevuka ziwa kwa mtumbwi mwezi Machi pamoja na Sidi Mubarak Bombay kwenda kutafuta jahazi upande wa magharibi, na Burton akabaki Ujiji. Mwezi Aprili walikwenda pamoja mpaka Uvira, upande wa kaskazini. Wagonjwa wawili wakawa, kwa muda, msafiri mmoja mzima.

Kilichowavunja hakikuwa homa. Walipofika Tabora njiani kurudi, Speke alikwenda kaskazini peke yake, akaliona ziwa kubwa la Nyanza tarehe 3 Agosti 1858, akarudi akisema hapo ndipo chimbuko la Nile. Burton hakuamini. Tangu siku hiyo wakaliacha jambo hilo bila kulizungumza, wakasafiri miezi bega kwa bega likiwa katikati yao kama gogo. Speke akatangulia kufika London mwezi Mei 1859 na kuitoa habari yake kwa Chama cha Kijiografia cha Kifalme kabla mwenzake hajafika. Burton alidai daima kwamba waliahidiana kungojana. Mwaka 1864 walipangiwa kujadiliana mbele ya watu mjini Bath tarehe 16 Septemba. Siku moja kabla, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Watu bado wanabishana kama ilikuwa ajali.

Bombay, yule Myao aliyewahi kuuzwa utumwani hadi India na ambaye ndiye aliyekuwa akisafiri kati ya wazungu hawa na ulimwengu, aliendelea kuongoza misafara mingine mitatu mikubwa. Nimewahi kujiuliza angetuambia nini juu ya wenzi wa safari lau angeulizwa.

Ndugu msomaji ataona nimesogea mbali na barua, lakini sivyo. Mwalimu na seremala wamezungumza mengi barazani: nauli ya boti, kiingilio cha hifadhi, hema la nani, unga kiasi gani. Haya yote ni ya lazima. Lakini mpango wa watu wawili wanaokwenda mlimani ni mapatano juu ya mambo ambayo juu hakuna nafasi ya kuyajadili. La kwanza ni mwili wa kila mmoja. La pili ni nani mwenye neno la mwisho. Mtume (s.a.w.) alielekeza kwamba watu watatu wakisafiri wamteue mmoja wao kuwa kiongozi, na hawa, pamoja na askari wa hifadhi, ni watatu. Askari ndiye ajuaye njia na wanyama, na juu ya hayo neno lake ni amri. Lakini baina ya hao marafiki wawili lazima ijulikane mapema ni nani akisema “turudi” hakuna swali litakaloulizwa. Maoni yangu ni kwamba kila mmoja wao apewe haki hiyo, na yeyote atakayeitumia asiulizwe sababu mpaka wafike chini. Kwenda juu kunahitaji watu wawili wakubaliane. Kurudi kunatosha mmoja.

La saa ya kugeuka nalo ni kubwa, na hapa Kilimanjaro yenyewe inatufundisha vizuri kuliko hadithi za ushujaa. Hans Meyer, Mjerumani, alijaribu mara tatu. Mwaka 1887 mwenzake alishindwa kabla yake, naye akaendelea peke yake mpaka ukuta wa barafu ukamzuia. Mwaka 1888 aliandamana na Oscar Baumann, wakanaswa na vita vya Abushiri wa Pangani, wakatiwa minyororo, wakatoka kwa fidia. Mwaka 1889 akamchukua Ludwig Purtscheller, Mwaustria, mtu wa milima hasa. Tarehe 3 Oktoba waliondoka usiku wa manane, wakakata ngazi kwenye barafu kwa shoka, na mchana ulipopinda wakafika ukingo wa shimo la mlima. Kutoka hapo wakakiona kilele halisi, kiko mwendo wa saa moja na nusu hivi. Hebu fikiria: miaka mitatu ya kutafuta, minyororo ya Pangani, na mwendo uliobaki ni mfupi kuliko kutoka Ujiji kwenda Kigoma mjini na kurudi kwa miguu. Wakahesabu nguvu zao na mwanga uliobaki, wakageuka. Walipumzika, wakasogeza kambi yao juu zaidi, na tarehe 6 Oktoba asubuhi wakasimama kileleni. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Purtscheller. Alitimiza miaka arobaini.

Na katika habari hiyo kuna mtu wa tatu ambaye husahauliwa. Mwini Amani, kijana wa Pangani, alikaa katika kambi ya juu siku nyingi za baridi kali, akilinda hema na moto wakati wale wawili wakipanda, na watu kutoka Marangu wakimletea chakula kwa zamu. Bila ya mtu anayejua mko wapi na mnatarajiwa lini, kilele si chochote ila mahali pa kupotelea. Kwa seremala wetu, Mwini Amani huyo ni mkewe aliyeko Ujiji. Naye ndiye aliyefichiwa kazi yake, kwa kuambiwa akae kimya.

Sasa tufike kwenye swali. Siri ya mume kwa mke ni amana, na sitaki mtu yeyote aichukue safu hii kama ruhusa ya kutangaza maradhi ya waume sokoni. Hata hivyo amana ina mipaka yake, na mpaka wa wazi kuliko yote ni pale ambapo ukimya wako unamtia mtu mwingine hatarini bila ya yeye kujua. Wanavyuoni wamelijadili hili zamani. Imamu Nawawi, alipoeleza mahali ambapo kuitaja aibu ya mtu asiyekuwapo kunaruhusiwa, aliorodhesha kumnasihi anayetaka kuingia katika ndoa au ushirika na mtu huyo. Na kupanda mlima wawili ni ushirika uliokamilika, rasilimali yake ni pumzi. Muuzaji akijua ng’ombe wake ana ugonjwa na akanyamaza, sote tunajua tunavyomwita. Mume wa dada yetu hamuuzii mwalimu ng’ombe. Lakini anamwomba aingie msituni akiwa amehesabu watu wawili wenye nguvu wakati ana mmoja na nusu. Kifua kikibana, mwalimu atalazimika kumbeba, au kumwacha na kukimbilia msaada, na hajawahi kuulizwa kama yuko tayari kwa lolote kati ya hayo.

Lakini utaratibu una heshima yake, dada yangu. Usianze kwa mwalimu. Anza kwa mumeo, na umchagulie saa nzuri, si mbele ya wageni wala usiku akiwa amechoka. Usimwambie kwamba hawezi; hakuna mwanamume anayelisikia neno hilo na kusikia lililo baada yake. Mwambie unataka aende na arudi. Mwombe aende kwanza kwa daktari, na umwahidi kwamba daktari akisema aende, wewe mwenyewe utamfungia mzigo. Kisha mwambie kwamba kabla fedha ya boti haijalipwa, mwalimu ajue, na ajue kutoka kinywani mwake yeye. Mpe muda, wiki moja au mbili. Akikataa kata kata, mjulishe wazi kwamba utamwambia mwalimu, ndipo umwambie. Usifanye kwa kificho, kwa kuwa siri juu ya siri ndiyo inayoua nyumba. Atakasirika. Inawezekana atanuna mwezi mzima. Mume aliyenuna yuko nyumbani.

Na ninamwambia mume mwenyewe, ambaye najua atausoma ukurasa huu kabla ya mkewe: hofu yako kwamba mwalimu atatafuta mtu mwingine inaonyesha humjui rafiki yako, au unamjua vizuri sana. Kama ni la kwanza, barazani ndipo pa kumjua. Kama ni la pili, huyo si wa kwenda naye hata Kibirizi kununua dagaa. Na akikubali, angalia mambo yanavyofunguka. Mtakwenda kwa mwendo wako, si kwa mwendo wake wa Kilimanjaro. Mtaondoka mapema zaidi asubuhi ili mpumzike mara nyingi. Mtalala usiku wa ziada njiani. Dawa yako ya kuvuta itakuwa miwili: mmoja mfukoni mwako, mwingine mfukoni mwa mwalimu, si ndani ya begi lililofungwa kamba tatu, naye atakuwa amefundishwa namna ya kukusaidia kuitumia. Askari wa hifadhi ataambiwa mlangoni kabla hamjaanza. Moshi ukiwa mwingi siku hiyo mtangoja ufukweni, mtaogelea mkiambiwa ni salama, na hakuna atakayekulaumu. Hakuna hata moja kati ya haya linalowezekana ukiwa umenyamaza.

Juu ya ibada, kwa kuwa dada yetu ameuliza: safari ya umbali huu ni safari ya kupunguza sala, na kuzijumuisha kuna ruhusa yake. Msafiri anaruhusiwa kupaka maji juu ya khufu zake siku tatu na usiku zake, maadamu alizivaa akiwa na twahara. Viatu vya mlimani vinavyofunika vifundo visiposimama katika sharti hizo, amwulize imamu wake kabla ya kuondoka, si kileleni. Maji ya kunywa yakiwa machache na hali ikilazimu, tayamamu ipo. Mwenye pumu asijitie maji ya baridi ya alfajiri kwa ushujaa.

Fedha. Anasema mume ametoa sehemu ya akiba ya nyumba bila kumwuliza. Hilo si la mlima, ni la nyumba, na lina ukurasa wake siku nyingine; ila nitasema kwamba gharama ya safari hii iandikwe kwenye karatasi moja, kiingilio, askari, boti kwenda na kurudi, chakula, na kiasi cha dharura cha kukodi boti nyingine ikiwa mmoja ataumia. Wasipokuwa na hicho cha mwisho, bado hawajawa tayari, hata kama hema ni jipya.

Na swali la mwisho, amfungie nini. Amfungie dagaa waliokaushwa vizuri, kwa kuwa ni wepesi, hawaozi, na wana nguvu. Unga, sukari, chumvi, karanga, tende, tangawizi ya chai. Nguo ya sufi na kofia ya kufunika masikio, kwa maana usiku wa juu si wa Ujiji. Kitambaa safi cha kufunika pua na mdomo alfajiri, hewa ya baridi iingie kifuani ikiwa imepata joto. Kurunzi mbili. Kisha abaki na karatasi yake mwenyewe nyumbani: jina la mwenye boti na namba yake, namba ya ofisi ya hifadhi, jina la dawa na kipimo chake, siku ya kuondoka, siku ya kufika mlangoni, siku ya kurudi, na saa ambayo ikipita bila habari ataanza kupiga simu. Saa hiyo waipange wote watatu, mume, mwalimu na yeye, wakiwa wameketi barazani pamoja.